Nani Anazila Kunde Zangu

Jumatatu, 12 Januari 2026
Kunde zangu zinaliwa! Juzi zilikuwa kijani mpaka raha. Leo majani ya juu yamejikunja na mashina yamejaa vidukari, wale wadudu wadogo wa kufyonza — weusi, wamebanana, wananata. Na nimeshatangaza kijiji kizima cha Zinga kuwa Ramadhani hii kunde za futari ya mama mkwe zitatoka bustanini kwangu. Wifi Hafidha, dada wa mume wangu, alicheka. Eti mkono wangu una chumvi, hauoteshi hata mchicha. Tutaona.

Jumatano, 14 Januari
Nimempata mama yao! Yumo katikati ya vidukari, mkubwa kuliko wote, mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa na vimiba mgongoni. Sura mbaya! Huyu ndiye anayezaa, nikasema. Nikamponda kwa kidole gumba. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Mume wangu Mbaruku akapita, akauliza nagombana na nani. Nikamwambia aende zake.

Ijumaa, 16 Januari
Nimewaponda tena. Raha yake! Hafidha alikuwa ng'ambo ya ua anamwagilia kunde zake, zimenona. Akauliza, za kwako vipi wifi? Kwa ile sauti yake. Nikajibu nzima, alhamdulillahi. Uongo mtupu, Mungu anisamehe.

Jumatatu, 19 Januari
Mama zao karibu wote nimewamaliza — na vidukari wamezidi! Wamefika mpaka kwenye maua. Sisimizi wanapanda na kushuka, utadhani sokoni. Nimelia, nasema kweli.

Jumanne, 20 Januari
Nimemwona mama mmoja aliyebaki. Nikampiga picha, nikamtumia Salumu, bwana shamba. Akapiga simu papo hapo.
"Mama Adila, huyo hujamuua?"
Nikasema huyo bado, ila wenzake wengi.
Akaniambia niache mara moja. Kumbe si mama wa mtu! Ni mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, na chakula chake ni hao hao vidukari. Nimewaua askari wangu mwenyewe! Akasema nipulize maji ya sabuni kidogo jioni, na waliobaki niwaache wafanye kazi. Waliobaki wapi?

Alhamisi, 22 Januari
Wapo kwa Hafidha. Nilisubiri aende dukani, nikapenya uani na kikombe. Kweli wapo, tele, wananenepa huko! Nikaanza kuwaokota taratibu. Mara —
"Wifi! Unaniibia kunde?"
Kasahau simu, karudi. Nikamwonyesha kikombe, wadudu tu. Akachungulia, akaruka nyuma. Kisha akamtoa mmoja, akamponda kwa ukucha. Nikapiga yowe.
"Kumbe ndio hawa waliomaliza zako," akasema. "Na wewe umekuja kuniondolea? Ahsante, wifi yangu. Waliobaki nitawamaliza mwenyewe asubuhi."
Nikamwacha aamini hivyo. Nikarudi kwangu na kikombe, nikawaweka juu ya kunde zangu mmoja mmoja. Wakaanza kula hapo hapo, wapenzi wangu.
Futari ni ya mama mkwe, najua. Zikifa zangu na za Hafidha, hata yeye atakosa. Lakini Hafidha naye ajue uchungu wake!

Ijumaa, 23 Januari
Hafidha ameamka mapema. Namsikia ng'ambo ya ua anamwita Zaina, bintiye, alete ndoo ya kuwatilia wadudu. Nikimwambia neno moja tu, ataacha.
Chai bado ya moto. Nainywa kwanza.