Kufuli la Upande wa Nje

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Nsimire amechelewa tena. Amenitoa kitandani, akanivalisha, akanikalisha kwenye kiti cha magurudumu, kisha akakimbilia kwa mwingine anayehudumiwa na kituo cha walemavu. Nimeshona sketi mbili za shule, zipu moja imenitukanisha. Tangu ukuta uliponiangukia miguu ikafa, kituo ndicho kilichonifundisha kuishi peke yangu. Mtu wa asubuhi, mtu wa jioni, katikati ni maisha yangu. Chumba kimoja cha mbao hapa Kadutu, lakini naingia na kutoka nikitaka. Mdogo wangu Déo hapendi. Anasema namwaibisha mbele ya watu wa mtaa wake, Bagira. Na aaibike.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Kituo kimefungwa. Benki hazifanyi kazi tangu vita viingie mjini, na wafadhili wamenyamaza. Nsimire amekuja mwenyewe kunieleza, akalia. Mimi nilikasirika tu. Ana watoto, kesho anaanza kuuza makaa. Jirani yangu Maman Furaha amekubali kunilaza na kuniamsha. Hakubembelezwa. Ni mtu mwema, niliandike hilo kabla sijaanza kumsema.

Alhamisi, 13 Machi

Mgongo unauma. Maman Furaha ananibeba kama gunia la mihogo. Ananilaza saa kumi na moja, maana baada ya hapo ana chakula na watoto. Jua bado liko nje. Nalala macho wazi, nawasikia wenzangu wakinunua mkaa, wakigombana, wakicheka. Nawaonea wivu hata ugomvi.

Jumapili, 16 Machi

Wezi wameingia nyumba ya jirani. Mimi huwa nafunga mlango kwa kamba aliyonifungia Nsimire. Naivuta nikiwa kitandani, komeo linaingia. Maman Furaha ameicheka hiyo kamba. Amenunua kufuli kwa pesa yake, na jioni amenifungia kwa nje, ufunguo akautia kifuani.

«Ni juu ya wezi, dada. Banaingia mu manyumba yote.»

Nikasema asante. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika usiku kwa tochi ya simu.

Asubuhi Maman Furaha hakuja. Niliita mpaka Papa Mugisho, mwenye nyumba, akaja dirishani. Alfajiri ilifika habari kwamba mama yake Maman Furaha amefariki Nyantende. Amekimbilia msibani. Na ufunguo? Ameondoka nao. Simu yake haipatikani.

Ua ukajaa watu. Walikuwa wema kweli. Walinipitishia chai na mkate kati ya vyuma vya dirisha. Sikunywa. Nilikuwa nimeshalowa.

Wavunje? Papa Mugisho hakutaka.

«Mulango iko ya mupya. Na kama vitu yake vinapotea, nani atajibu?»

Wote wakaona amesema la maana. Nikapaza sauti: vunjeni, mlango nitaulipa mimi, vitu ni vyangu. Wakanisikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea kushauriana wao kwa wao. Mwanamke mmoja akauliza, «Mukubwa wake iko wapi?»

Nina miaka arobaini na moja. Nikasema mkubwa wangu ni mimi. Wakacheka, bila ubaya wowote.

Wakampigia Déo. Déo, niliyembeba mgongoni. Wakamngoja kutoka Bagira, nami nimelala kwenye mkojo wangu, mdomo mzima, akili nzima. Alipofika alasiri hakuniuliza kitu. Aliwaambia tu, «Muvunje.»

Wakavunja pale pale.

Jumapili, 23 Machi

Maman Furaha amerudi, macho yamevimba kwa msiba. Amenipigia magoti. Nilijaribu kumchukia, nikashindwa. Angefanya nini? Amefiwa na mama.

Déo amesema, «Umeona, yaya?», yaani dada mkubwa. Basi. Mtu wa asubuhi na mtu wa jioni, hilo ndilo jibu langu, na sinao tena. Mlango umeegemezwa ukutani. Hakuna aliye tayari kunilaza katika chumba kisicho na mlango.

Jumanne, 25 Machi

Bagira. Wamenileta na cherehani. Chumba cha nyuma, safi, godoro jipya. Hawanitesi. Mke wa Déo anamuuliza yeye kama nimeshiba, kama nasikia baridi, kama nitaoga leo. Nimekaa hapo hapo. Jana nilijibu kwa ukali, naye akashtuka, akaomba radhi, kisha akamuuliza Déo kama nimekasirika.

Jumatano, 2 Aprili

Naonekana kunenepa. Kila mtu anafurahi.

Jumapili, 6 Aprili

Hakuna mvua. Baada ya misa mwanamke wa nyumba ya pili ameleta kitenge. Sikuwa namjua. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akaniuliza mimi, macho kwa macho, kama nitaweza kumshonea kabla ya Pasaka. Kitenge kizuri, cha kijani. Kazi ya siku mbili, naijua vizuri.

Nilimtazama Déo kwanza. Déo akasema ndiyo.