Lori ya Mawe Kutoka kwa Muindi

Zulekha shika simu! Shika!

Si unajua kakangu Muindi aliuza boma ya wazazi kule Malili, ikabomolewa yote? Jana akaniletea lori nzima ya kifusi, eti nijaze msingi wa duka. Bure kabisa. Na mimi nikamuombea baraka mbele ya kanisa!

Leo fundi akiponda mawe akasimama. "Madam, hii iko na jina."

Nikageuza. KAVINDU. Zulekha, ni simiti ya kaburi ya mama! Mama yangu! Na nusu tayari tumeshindilia chini.

Nikampigia Muindi. Akacheka. Wewe, alicheka!

"Si ni wewe ulienda kwa chifu kusema hata wasichana wapewe urithi wa mama? Haya, umepewa."