Amemwita Dorsila ndani ya ndege

Lynnet, tumeshuka Nairobi sasa hivi na hasira itanipasua. Mama mkwe amenimaliza!

Ndege ikianza kushuka, mtoto akalia vibaya. Nikasema ni masikio yanamuuma. Mama mkwe akasema, "Wapi! Analilia jina. Kuna marehemu anataka kuitwa; jina litakalomnyamazisha ndilo lake."

Akaanza kuita wafu wao mmoja mmoja, kwa sauti! Ndege nzima ikatugeukia!!

Mimi nikatoa titi. Mtoto akanyonya, akanyamaza. Ni titi, Lynnet! TITI!

Lakini jina lililokuwa mdomoni mwa mama mkwe wakati huo ni Dorsila. Dorsila!! Yule marehemu shangazi ya bwanangu Maxwell aliyetupa nguo zangu nje nikiolewa!

Mama mkwe ashapigia kwao Mbita yote simu. Na sasa Maxwell ananiandikia: "Dorsila amefika salama?"