Chapa ya Ng'ombe wa Saruji

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Leo turubai limeinuliwa kidogo pale njiapanda ya Garsen. Kumbe wanajenga ng'ombe! Na mtumbwi kando yake. Ukumbusho wa mkulima na mfugaji, eti. Fundi ni Nuhu, Mpokomo wa Kulesa, wakulima wa mtoni. Nimeacha maziwa yangu ya kuuza mezani nikachungulie. Mtumbwi safi. Ng'ombe—tumbo kubwa mno. Nimemwambia. Akaniuliza nimechunga tangu lini. Tangu nijue kutembea, bwana.

Jumatano, 10 Septemba
Tumbo limepunguzwa! Anasikia, basi.
Lakini leo ameweka chapa pajani, kama ile ya kuchomwa kwa chuma. Mistari miwili na duara. Ni chapa ya Baba! Ng'ombe wake wote walikufa kwenye ukame mkubwa uliopita, naye akawafuata. Sikudhani nitaiona tena popote. Nilitaka kuishika, saruji bado mbichi. Ameijulia wapi huyu?

Alhamisi, 11 Septemba
Nimemuuliza. Anasema hakuna ng'ombe aliyemjua kwa karibu kama mwenye chapa hiyo. Kila mahindi yalipobeba, alikuwamo shambani mwa mama yake. Alimfukuza mpaka chapa ikamkaa kichwani. Alidhani kila ng'ombe anayo hiyo hiyo, kama pambo. Mtu wa mtoni huyu! Nimecheka, halafu nikaona aibu. Sikumwambia ni wetu.

Ijumaa, 12 Septemba
Baada ya swala amepita Mzee Abdirahman wa kamati ya ukumbusho. Amekasirika. Chapa ni ya boma moja, sanamu ni ya Garsen nzima. Ifutwe kesho, au mwenyewe ajitokeze azungumze na watu, wakubali ibaki.
Nikijitokeza, nimekiri ng'ombe wetu alikula mahindi ya watu. Nikinyamaza, Baba anafutwa. Sijala.

Jumamosi, 13 Septemba
Nuhu amekuja na patasi. Mama yake, Rebecca, amekuja kuona kazi ya mwanawe. Amemzunguka ng'ombe, akainama pajani. Ameitambua chapa upesi kuliko mimi.
"Huyu namjua. Alinimalizia mahindi. Mwenyewe nani?"
Mzee Abdirahman ananitazama—anajua. Nimevuka barabara.
"Alikuwa wa baba yangu, Mama. Hao ng'ombe walikufa wote. Imebaki hiyo tu."
Rebecca ameweka kiganja juu ya chapa. Nuhu amemwambia asogee, apate kuifuta. Hasogei.
Nimerudi mezani, naandika haya huku wateja wakiningoja. Mkono wa Rebecca bado uko pale.