Nimetia Laptop ya Ndugu Barasa Alama Kisiri

Jumanne. Mawingu yamelalia mlima wa Menengai tangu asubuhi, na roho yangu imekaa hivyo hivyo.

Hamjambo, wapenzi wangu mnaosoma hapa? Mmeamkaje? Watoto je, na magoti ya sisi wa rika hili? Mimi kwa neema ya Mungu niko mzima, ila kuna jambo linanila ndani na sina pa kulipeleka isipokuwa hapa.

Kazi yangu mnaijua. Nina kameza na printa hapa Nakuru mjini, nachapa programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na wasifu. Familia inakuja na picha ya marehemu na wasifu wake, wanabishana juu ya majina ya wajukuu mpaka jioni, na asubuhi gari la maiti linaondoka. Programu ya mazishi huwezi kuambia mtu arudi kesho.

Mwezi uliopita laptop yangu ilizima nikiwa katikati ya programu ya mzee mmoja wa Mau Narok. Haikuwaka tena. Mzee alizikwa bila programu, binti yake akasoma wasifu kwenye karatasi ya daftari. Hakunilaumu hata kidogo.

Hilo ndilo liliniumiza.

Fundi aliyeiangalia alisema haifai: betri imegandishwa kwa gundi, kibodi imeshikana na mwili. Akaniambia pia nusu ya memori imetolewa. Nikakumbuka fundi wa kwanza, aliyewahi kuitengeneza kabla haijafa, akakaa nayo siku mbili ikarudi ikiwa nzito. Nikamfuata. "Mathe, ilikuja hivyo hivyo," akasema, mandazi mdomoni. Ningembishia na nini? Sikuwahi kuiona ndani.

Sasa Ndugu Barasa wa kanisa letu, anayeuza kompyuta, amenisifia laptop ya aina nyingine. Eti inafunguka yote. Betri, kibodi, kioo, mpaka matundu ya kuchomekea waya, vyote vinatoka kwa bisibisi moja. Kikiharibika kimoja, unabadilisha hicho tu.

Mtu akitanguliza "Bwana asifiwe" kwenye biashara, mimi hushika mkoba. Mungu anisamehe.

Leo nimeenda dukani kwake, nikamwambia aifungue niione. "Fungua wewe, Mama Faith," akanipa bisibisi. Nikatoa kibodi, nikatoa betri, nikarudisha, nikabonyeza. Ikawaka! Nilifurahi kama mtoto, halafu nikashtuka. Kama mimi niliyeishia darasa la nane naweza kuichomoa memori, nani atashindwa?

"Na wewe unatumia gani?" nikamuuliza.

Yake ni ile ya kawaida, iliyofungwa kila upande.

"Haya! Mpishi hali chakula chake?"

"Mama Faith, hii yangu bado inapumua. Siku nikiizika nitachukua kama yako, na wewe ndiye utanichapia programu."

Nilicheka, lakini sikumwachilia. Spea je? Akasema hana dukani, na hapa mjini hajaona aliye nazo. Zinaagizwa ng'ambo, wiki tatu, pengine zaidi. Na kampuni ikifunga? "Hapo sijui, dada."

Ajabu ni kwamba jibu hilo ndilo lilinilegeza. Mwongo angesema ziko stoo. Nikamwambia ninaichukua, na aniagizie betri moja ya akiba sasa hivi, kabla sijaihitaji.

Lakini lazima ibaki kwake mpaka Alhamisi, anihamishie kazi zangu kutoka diski ya ile iliyokufa. Ibaki kwake. Siku mbili.

Ndipo nikafanya nililofanya.

Alipotoka kumsalimia mteja, nikaifungua tena, safari hii peke yangu. Nikatoa mkobani chupa ya rangi ya kucha. Nyekundu. Kanisani kwetu akina mama hatupaki kucha. Niliinunua jana, nikihisi huenda ikabidi laptop ibaki kwake, huku nikiangalia kulia na kushoto, nikaificha chini ya Biblia. Nikaweka nukta kwenye memori, kwenye diski, kwenye betri, kama tunavyotia alama mitungi ya gesi. Nikapuliza. Nikafunga.

Barasa akarudi akinusanusa. "Mbona kunanukia saluni?"

Nikasema sijui.

Nimemdanganya ndugu ninayeshiriki naye meza ya Bwana.

Laptop ya zamani haikuniletea jaribu hili. Ilifungwa, nami nikabaki kulalamika tu. Hii naweza kuchungulia ndani, na kwa kuwa naweza, sina amani nisipochungulia.

Alhamisi saa tatu naenda kuichukua. Mchana huo huo familia moja ya Kabazi inaniletea programu ya mama yao, na hao siwezi kuwaangusha. Nikiifungua dukani, nitakuwa nimemwita Barasa mwizi mbele ya wateja wake, na pengine nukta zote tatu zipo. Nikiifungua nyumbani nikute hazipo, nitakuwa pale pale nilipokuwa na yule wa mandazi.

Nimeomba tangu saa kumi. Kitu kimoja tu nimepata: kabla sijagusa skrubu yoyote, nitamwambia habari ya rangi. Kisha nimwombe tuifungue pamoja.

Akikasirika je? Nimekosea, au nimejilinda? Wewe ungefanyaje? Tafadhali niandikie upesi, kabla ya Alhamisi saa tatu.