Baba Oswaldi na Miaka Minne ya Margareth

Umetimia mwaka, baba, tangu utuache asubuhi ile ya Juni, ulezi ukiwa haujavunwa wote na baridi ikiuma mpaka mbwa wakawa wanalala jikoni. Ilikuwa homa ya siku tatu tu. Siku ya kwanza ulisema ni uchovu, ya pili ukaomba uji, ya tatu hukuomba kitu.

Hapa Mollo unakumbukwa kwa mengi. Kila mara uliwahi kusalimia watoto kabla wao hawajakusalimia, wakabaki na shikamoo zao mdomoni. Ulichelewa misa kila Jumapili, ukakaa benchi la nyuma kabisa, na padri akawa ameshazoea kuanza bila wewe. Shambani ulikuwa mtu mwingine. Ukishafukia majani kwenye matuta yako, mtu hapandi mbegu mpaka uwe umeyazunguka yote, moja moja, ukiyapapasa kwa mguu.

Lakini anayekukosa kuliko sisi wote ni binti yako Margareth, na habari tunayokuletea leo ni yake. Tuvumilie, si habari nyepesi.

Wasomaji wengine hawajui, kwa hiyo tuseme. Polio ilimshika Margareth miguu akiwa na miaka mitatu. Kule bondeni tulikokuwa tunakaa, hospitali ilikuwa safari ya kutwa nzima, hivyo akakua anatambaa. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilipotutoa kule na kutuleta huku barabarani, watu walilia nyumba zao, na walikuwa na haki ya kulia. Wewe ulibeba mlango wako begani, ukatuambia, "Basi, sasa barabara imemfuata Margareth."

Tangu hapo ukawa kiguu na njia. Kila Alhamisi ulimpakia kwenye baiskeli, miguu yake umeifunga kwa kanga ya mama isiingie kwenye spoku, mkaenda mjini kwenye kliniki ya watoto. Huko mlimkuta muuguzi Tusekile, mwenyeji wa Rungwe, aliyejua mazoezi ya viungo. Yeye alimnyoosha magoti na kutaka asimame kila siku. Alois, seremala wa Pito, alimchongea magongo, yakawa marefu mno kwa sababu alimpima akiwa amekaa. Kristiana, kiongozi wa kikundi cha ushonaji cha kijiji, alimfundisha cherehani ya mkono na kumtaka akae kitini mpaka jioni. Margareth alikuwa anarudi nyumbani na amri tatu, na miguu miwili isiyotii hata moja.

Hukugombana na mtu. Alhamisi moja uliwakalisha wote watatu kwenye benchi la kliniki, ukawagawia togwa, kisha ukanyamaza wasikilizane.

"Mimi ni fundi wa vitanda na majeneza," Alois akajitetea. "Miguu ya watu sikuisomea."

"Nami cherehani sikuisomea," Tusekile akamjibu. "Lakini mtoto ni huyo huyo mmoja. Ukimpima, mpime amesimama. Mimi nitamshika."

Kristiana akauliza kama kuna ubaya mtu akishona amesimama. Hapo Alois akaweka kikombe chini. Wiki mbili baadaye akaleta ubao wa kuegemea kifuani, meza ya cherehani ikainuliwa kwa matofali, na Margareth akawa anazungusha mkono wa cherehani huku magoti yake yakifanya mazoezi bila yeye kuyahesabu. Tusekile alipouona ubao ule alikushika mkono kwa mikono yote miwili. "Ndaga, baba," akakushukuru kwa lugha ya kwao.

Uliwakutanisha hivyo kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi kwa karibu miaka miwili. Hakuna aliyeandika chochote. Yote yalikuwa kichwani mwako: nani kaambiwa nini, mkanda upi wa ubao umelegea, goti lipi limegoma.

Na kichwani mwako humo kulikuwa na jambo jingine, ambalo sisi wa nyumbani tulilijua.

Kliniki ile ilikuwa ya watoto, mwisho miaka kumi na mitano. Mwaka ule tulipohamia, Margareth alikuwa na kumi na sita. Katibu wa kijiji, Eustaki, alipopita nyumba kwa nyumba na daftari jipya akiuliza umri wa kila mtu, ulimwambia binti yako ana kumi na miwili. Margareth ni mdogo wa umbo, na alikuwa amekaa mkekani. Eustaki akaandika. Sote tulikuwepo na hakuna aliyefungua mdomo. Mama aliendelea kukoroga ugali. Katibu alipotoka ukatuambia, "Hiyo minne nitairudisha mwenyewe, akishapata miguu." Barua ya kijiji ikatoka, kliniki ikampokea. Uongo ule tuliufaidi, baba, hatuwezi kujitoa.

Kisha ukafa, na miaka minne ikabaki kwenye daftari.

Hatukujua kuishika kazi yako. Mwezi wa kwanza tulimpeleka mjini, Alois hakuwa na habari. Mwezi wa pili Alois alikuja Mollo, sisi tuko shambani. Tusekile alituuliza mazoezi ya usiku mlikuwa mnayafanyaje, tukatazamana. Kufika Krismasi, goti la kushoto lilikuwa limeanza kujikunja tena, na Margareth alikuwa anatuficha kwa kuvaa kitenge kirefu.

Machi mwaka huu kikundi cha ushonaji kilipata cherehani mbili, kikataka wanachama wawili. Kristiana alimtaja Margareth wa kwanza. Eustaki akafungua daftari: mwanachama ni miaka kumi na minane, huyu ana kumi na mitano. Wiki hiyo hiyo Tusekile akatuonya, kwa huzuni, kwamba kwa hesabu ya barua yetu huu ndio mwaka wake wa mwisho kliniki. Mjini ameshakuwa mkubwa, kijijini bado ni mtoto. Miaka mitatu hiyo angekaa wapi? Mkekani.

Ukweli ulikuwa ndani ya sanduku lako, kwenye kadi ya ubatizo. Mama akalikalia sanduku.

"Mwacheni baba yenu apumzike," alisema. "Hata mwaka haujaisha, mnataka kumwita mwongo mbele ya kijiji kizima?"

Mimi, Fransisko, mwanao wa kwanza ninayeandika haya, nilimuunga mkono mama. Niliona jina lako ndilo lililobaki la kutunza. Margareth hakubishana. Siku tatu hakula nasi, na siku ya nne akamwambia mama, "Jina la baba litunzeni. Mimi je?" Mama akainuka juu ya sanduku, akatoka nje.

Tulikwenda kwenye mkutano wa kijiji mwezi wa Aprili. Nilitoa kadi, nikaeleza kwa mzunguko, kwamba huenda kulikuwa na makosa. Eustaki ana subira lakini si mjinga.

"Ndugu Fransisko," akasema, "nikifuta hapa, nimeandika kwamba marehemu alikidanganya kijiji. Ndivyo unavyotaka?"

Wazee wakaguna. Mmoja akasema marehemu hasemwi. Nilikuona pale mbele ukiwa na togwa yako, nikashindwa.

Margareth akaanza kuinuka. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu alikuwa amenikataza njiani.

"Alidanganya," akasema. "Alinipunguzia miaka minne ili nisifungiwe mlango. Alinipenda, ndiyo maana alifanya vile. Sasa naiomba. Nirudishieni miaka yangu."

Eustaki akafuta 1962, akaandika 1958, akatia sahihi pembeni.

Tungependa kukuambia kwamba mambo yamenyooka. Hayajanyooka. Alhamisi iliyofuata kliniki ilichukua kadi yake ya matibabu kwa kuwa amepita umri, kama tulivyojua itakuwa. Tusekile alitufuata mpaka nje ya geti, akaahidi kuja Mollo kila Alhamisi ya kwanza tukiwakusanya wenzake. Mwezi wa Mei alikuja. Mwezi huu hakupata usafiri. Alois alikuja Mei hiyo, akakaza ubao, akaondoka haraka kwenye jeneza la mtu. Kristiana amempokea Margareth kwa majaribio ya miezi mitatu, anashona kola za sare za shule. Goti bado limejikunja. Zipo jioni anarudi amechoka mpaka hawezi kushika kijiko, nasi hatujui kama ni kazi inamwonea au ni sisi tumekosea mazoezi. Wewe ungejua.

Mama hajanisamehe. Anapika, anatusalimia, anauliza habari za shamba. Jambo lile haligusi.

Hatujui kama tulikukosea, baba. Tumefika mwaka na hatujui. Tunajua tu kwamba ulimbeba mpaka hapo ulipoweza kumfikisha, na kwamba hapo palikuwa karibu kuliko ulivyodhani.

Wanaokukumbuka ni mkeo Cornelia, aliyekataa kwa siku tatu jina lake kuwekwa kwenye karatasi hii, na jana akasema liwekwe. Ni mwanao Fransisko. Ni Tusekile, Alois na Kristiana, wa benchi lako. Na ni binti yako Margareth Oswaldi, mshonaji, miaka kumi na tisa. Umri ametaka mwenyewe uandikwe, na ametaka uandikwe kwa maneno, si kwa tarakimu, mtu asije akaupunguza.

Hatutakusahau, baba, wala hatutakuficha.