Sanduku Lenye Jina Langu

Jumanne, Oktoba 1973

Hii "haya" yangu itaniponza.

Mama Eleni, Mgiriki ninayempikia, anarudi kisiwani kwao kwa kuwa serikali imechukua shamba lake la kahawa, na anataka twende wote. Leo mchana alinionyesha picha za huko. Ngome ya kale juu ya jabali. Ukumbi wa maigizo uliochongwa kwenye mawe, watu wangali wanaketi humo kutazama michezo. Kanisa jeupe, na ubavuni kijumba kisicho na dirisha.

"Na hiki je, mama?"

"Cha mifupa. Ardhi yetu ndogo, Agapiti. Mtu akikaa kaburini miaka michache tunamfukua, tunaosha mifupa, tunaiweka sandukuni."

Nikaificha mikono chini ya aproni. Kwetu Uru baba amelala kihambani, shamba la ukoo wetu, katikati ya migomba yake, na nafasi yangu iko pale kando yake.

"Usiogope," akasema. "Na wewe nitakuwekea sanduku lako, lenye jina."

Alisema kwa upendo kabisa, ndiyo maana nilishindwa kukataa. Nikajibu, "Haya, mama," kama tunavyosema tukitaka maneno yaishe. Akanishika mikono, akalia kwa furaha.

Mama yangu sijamwambia. Kesho asubuhi napelekwa kupigwa picha ya pasipoti.